Seli Shina Hupima Ugumu wa Kitanda Chake

Katika somo hili tunazungumzia seli shina, yaani seli za mwili ambazo bado hazijashika kazi maalumu. Ndani ya uboho wa mifupa yetu zimo seli za namna hii, ziwezazo kugeuka kuwa za mfupa, gegedu au mafuta. Je, ni nini kinachoziongoza?

Mwaka 2006, Adam Engler, Dennis Discher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio moja zuri sana. Walitengeneza vitanda vya jeli, vingine laini, vingine vigumu. Vyote walivipaka kolajeni ile ile, na seli wakazilisha chakula kile kile. Kwenye jeli laini kama ubongo (kilopaskali 0.1 hadi 1), seli zilitoa matawi kama za mishipa ya fahamu. Kwenye ugumu wa msuli, kilopaskali 8 hadi 17, zilirefuka kama za msuli. Kwenye 25 hadi 40, ugumu wa mfupa usiokomaa, zilishika njia ya mfupa.

Mwanafunzi mmoja alituuliza: seli haina mikono, itajuaje? Swali zuri. Hebu fumba macho ubonyeze godoro, kisha sakafu. Huwezi kujua mpaka ubonyeze. Seli nayo hukishika kitanda chake na kukivuta kwa protini iitwayo miosini, jamaa ya ile inayokunja misuli yetu. Kitanda kikigoma kuvutika, nyuzi za ndani ya seli hukaza, na habari hufika hadi kwenye kiini. Watafiti walipoizuia miosini kwa dawa, seli hazikutambua tena laini na gumu.

Maabara nyingi hukuza seli kwenye sahani za plastiki, ambazo ni ngumu mno kuliko msuli. Mwaka 2010, kikundi cha Helen Blau cha Chuo Kikuu cha Stanford kilionyesha kwamba seli shina za misuli ya panya hupoteza uwezo wake upesi zikiwa juu ya plastiki. Zilizokuzwa kwenye jeli ya kilopaskali 12 ziliweza kujenga msuli ziliporudishwa mwilini.

Basi mzazi, ukiuziwa sindano ya "seli shina" inayodaiwa kutibu kila maradhi, uliza zilikuzwaje na nani ameithibitisha. Tiba ya seli shina iliyozoeleka miaka mingi hospitalini ni kupandikiza uboho, kwa wagonjwa wa saratani ya damu na maradhi mengine ya damu.