Somo la Wiki: Tarehe Mbili Kwenye Pakiti



Katika nyumba nyingi hapa Balsall Heath, mtoto ndiye msomaji wa Kiingereza. Bibi hutoa pakiti kabatini na kumwambia mjukuu, "Hebu nisomee hapa." Mtoto hutazama tarehe na kujibu, "Imeekspaya, Bibi." Jibu hilo halimsaidii bibi. Pakiti za Uingereza zina tarehe za aina mbili, na kila moja ina maana yake. Tukizitafsiri zote kwa neno moja, tutatupa unga mzima, au siku nyingine tutapika kuku wa kutuumiza. Leo tujifunze kuzitenganisha kwa Kiswahili.

Maneno ya somo

Kuchacha: chakula kugeuka kichachu kwa kukaa, kama uji au mchuzi wa nazi.
Kuvunda: kuoza na kutoa harufu mbaya, kama samaki au nyama.
Kuota ukungu: kufanya utando wa kijani, mweupe au mweusi, kama mkate.
Kiporo: chakula kilichobaki kikalala mpaka siku ya pili. Pwani na visiwani utasikia pia mwiku au bariyo.
Kunusa, kunuka, kunukia: unanusa kwa pua yako, samaki aliyeoza ananuka, pilau inanukia.

Angalia jinsi maneno haya yalivyo. Karibu yote yanahusu pua, ulimi na jicho. Wazee wetu walipima chakula kwa viungo hivyo kwa sababu unga wa kinuni na samaki wa mtegoni havikuandikwa tarehe. Ujuzi huo bado unafaa, ila una mpaka wake.

Mwisho wa ubora

Pakiti ikiandikwa "best before", tuseme kwa Kiswahili: mwisho wa ubora. Utaiona kwenye mchele, unga, tambi, biskuti, vyakula vya kopo na vilivyogandishwa. Baada ya siku hiyo biskuti huenda ikalegea na viungo vikapungua harufu, lakini chakula kilichohifadhiwa vizuri hakigeuki sumu usiku wa manane. Hapa pua na macho ya bibi ndiyo yanayoamua. Chekecha unga uangalie wadudu. Kopo likiwa limevimba au linavuja, litupe bila kulifungua.

Duka linaruhusiwa kuuza chakula kilichopita tarehe hii, mradi bado ni salama. Kwa hiyo ukikuta dengu za bei nafuu zilizopita mwisho wa ubora, hujauziwa kitu haramu. Maduka makubwa yenyewe yameanza kulegeza kamba. Mwaka 2022 Marks & Spencer waliondoa tarehe hii kwenye aina zaidi ya 300 za matunda na mboga, na Morrisons walibadilisha maziwa yao mengi kutoka tarehe ya usalama kwenda tarehe ya ubora, wakawaambia wateja wanuse kwanza.

Mwisho wa usalama

Pakiti ikiandikwa "use by", tuseme: mwisho wa usalama. Utaiona kwenye nyama mbichi, samaki, saladi zilizokatwa tayari na vyakula vingi vya friji. Unaweza kula mpaka siku yenyewe iliyoandikwa, lakini kesho yake hapana, hata kama hakinuki. Duka likiuza chakula kilichopita tarehe hii linavunja sheria.

Kwa nini pua isitoshe? Kwa sababu vijidudu vinavyotoa harufu mara nyingi si vile vinavyougua watu. Bakteria wa Listeria, kwa mfano, huongezeka hata ndani ya baridi ya friji, na chakula kikabaki na sura na harufu yake ileile. Walio hatarini zaidi ni wajawazito, wazee, watoto wachanga na wagonjwa, yaani watu walewale tunaowapa kipande kizuri mezani.

Hata kwetu Afrika Mashariki pua imewahi kushindwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa, na unga wake unaweza kuonekana wa kawaida. Basi mahindi au karanga zenye ukungu zisichambuliwe wala kuoshwa ili ziliwe. Zitupwe.

Kiporo cha wali

Kiporo hakina tarehe, na ndicho tunachokula mara nyingi zaidi. Wali uliolala chunguni kwenye jiko lenye joto una hatari yake: mbegu za bakteria fulani hustahimili kupikwa, kisha huamka wali unapopoa polepole na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tufanye hivi:

1. Mtandaze wali kwenye sinia pana na safi ili upoe haraka.
2. Utie kwenye friji ndani ya saa moja. Friji iwe nyuzi 5 au chini ya hapo.
3. Ule ndani ya saa 24.
4. Upashe moto mara moja tu, mpaka utoe mvuke kote.

Kwa nini tusitupe ovyo?

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira linakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Sisi wa Birmingham hatuhitaji kuelezwa sana. Mwaka 2025, wafanyakazi wa taka walipogoma, tuliona mifuko ikirundikana mitaani na panya wakifuata chakula kilichomo. Chakula kizuri kilichotupwa kilikuwa pesa ya mzazi kabla hakijawa taka.

Mazungumzo (someni wawili wawili)

Mjukuu: Shikamoo, Bibi.
Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Nisomee tarehe ya unga huu.
Mjukuu: Ni mwisho wa ubora, Bibi. Umepita wiki tatu.
Bibi: Basi lete chekeche niuangalie. Na kuku yule?
Mjukuu: Huyu ni mwisho wa usalama, na siku yenyewe ni leo.
Bibi: Mbona hanuki? Nitampika kesho kutwa, wageni wakija.
Mjukuu: Kesho kutwa atakuwa amepita, Bibi. Tumpike leo, au tumtie kwenye friza leo hii.
Bibi: Haya, mtie. Mgeni njoo mwenyeji apone, tusije tukaugua sote!

Mjukuu amesema kweli. Chakula cha mwisho wa usalama kinaweza kugandishwa mpaka siku ya tarehe yake. Ukishakiyeyusha, kitumie ndani ya saa 24.

Zoezi la nyumbani

1. Jaza pengo kwa kunusa, kunuka au kunukia: (a) Mama ali____ maziwa kabla ya kuyamimina. (b) Samaki huyu ana____, mtupe. (c) Mandazi ya iliki yana____ mpaka barabarani.
2. Fungua kabati na friji ukiwa na mzazi. Andika vyakula vitano na tarehe zao katika safu mbili: mwisho wa ubora, mwisho wa usalama.
3. Chagua kimoja ambacho tarehe yake iko karibu. Andika sentensi tatu kumweleza bibi au babu kifanywe nini, na kwa nini.
4. Muulize mzee wa nyumbani: kwao kiporo huitwaje, na kililiwa na nini asubuhi? Lete jibu lake darasani Jumamosi ijayo.