Bundi ni Ndege, si Mchawi

Somo letu la leo ni juu ya bundi. Tunajua wengine watashtuka. Hapa Mwakitolyo bundi akilia juu ya paa usiku, nyumba nzima huamka. Mama huwavuta watoto karibu, baba hutoka nje na jiwe. Asubuhi maneno huzagaa: "Kwa fulani bundi kalia. Nani kamtuma?"

Basi hapo ndipo hatari inapoanza. Watu humgeukia bibi kizee wa jirani, hasa akiwa na macho mekundu. Kumbe macho hayo yameharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Katika mkoa wetu wa Shinyanga vikongwe wasio na kosa wameuawa kwa dhana za namna hii. Kwa hiyo kumjua bundi si jambo la mchezo.

Bundi yukoje?

Bundi ni ndege anayekula nyama. Wengi huwinda usiku. Macho yake ni makubwa lakini hayazunguki kichwani kama yetu. Ndiyo maana hugeuza shingo mpaka akatazama mgongoni kwake. Masikio yake yamefichwa chini ya manyoya. Husikia panya akipita kwenye majani makavu hata kukiwa giza. Manyoya ya mabawa yake ni laini, na kwa hiyo akiruka hatusikii mvumo. Watu wakiona kitu kinapita kimya gizani husema ni uchawi. La, ni manyoya tu.

Bundi ni wa aina nyingi

Duniani kuna aina za bundi zaidi ya 200. Hapa Tanzania peke yake tunao wa namna mbalimbali:

Yuko bundi mkubwa kuliko wote wa Afrika, mwenye kope za rangi ya waridi. Huyu hukamata hata kalunguyeye. Yuko bundi mvuvi, anayekamata samaki usiku katika mito kama Rufiji. Yuko bundi mdogo mwenye madoa meupe, ambaye huonekana hata mchana. Kisiwani Pemba yuko bundi mdogo asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Na mwaka 1965 wataalamu walimtambua bundi mwingine mdogo katika msitu wa Sokoke, pwani ya Kenya. Huyo yupo pia kwetu, katika milima ya Usambara Mashariki.

Nchi za mbali nazo zina wa kwao. Karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwenye barafu, kuna bundi mweupe kama pamba. Marekani wako bundi wanaoishi ndani ya mashimo ardhini. Huko huko Marekani na Mexico kuna bundi mdogo kuliko wote, mwenye uzito wa gramu 40 hivi. Je, hao wote nani kawatuma?

Mbona hulia penye mgonjwa?

Hili ni swali zuri. Nyumba yenye mgonjwa taa huwaka usiku kucha. Mwanga huvuta wadudu, na bundi wadogo hula wadudu. Tena usiku huo watu wako macho, ndiyo maana wanamsikia. Siku nyingine analia vilevile, ila sisi tumelala fofofo. Bundi hulia kumwita mwenzake au kulinda eneo lake, kama jogoo anavyowika.

Bundi na ghala letu

Yuko bundi mwenye uso mweupe, umbo lake kama kopa la karata. Hupenda kukaa darini, kwenye magofu na katika matundu ya miti. Yeye na ndugu zake wa karibu wameenea karibu dunia nzima. Chakula chao kikubwa ni panya.

Hebu tupige hesabu. Bundi mmoja akila panya 3 kwa usiku, kwa siku 30 amekula panya 90. Kwa mwaka ni zaidi ya 1,000. Panya hao wangekula mahindi na mpunga wa nani? Wetu! Nchi kama Malaysia na Israel huwawekea bundi masanduku ya kuzalia mashambani, ili wawasaidie wakulima kupunguza panya. Sisi twawapiga mawe.

Tufanye nini?

1. Tusiue bundi wala kuvunja mayai yake. Tuwakataze watoto kuwapiga kwa manati.

2. Tuache miti mikubwa yenye matundu, hasa katika ngitili zetu. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulisaidia vijiji vya Shinyanga kurudisha ngitili. Penye miti ndege hurudi.

3. Tuwe waangalifu na sumu ya panya. Bundi akila panya mwenye sumu, naye huweza kufa. Panya waliokufa tuwafukie.

4. Bundi peke yake hamalizi panya. Tuinue ghala juu ya nguzo, tufunge bati kwenye nguzo hizo ili panya wasipande, na tufyeke majani kandokando.

5. Mtu akiugua tumpeleke zahanati mapema. Tusiende kwa wapiga ramli chonganishi, ambao huleta chuki na mauaji.

Ndugu wasomaji, usiku wa leo bundi akilia, tusishike jiwe. Tusikilize kwanza ghalani: huenda anayelia anatulindia chakula. Na asubuhi tumpitie bibi wa jirani, tumsalimu kwa heshima yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini bundi akiruka hasikiki?
2. Bundi akila panya 4 kila usiku, atakula wangapi kwa siku 30?
3. Katika kijiji chenu, watu husema nini bundi akilia? Je, mmewahi kuchunguza kama ni kweli?
4. Mtamlindaje kizee anayesingiziwa uchawi?