Milango Wazi, Hakuna Aliyetoroka

Wiki ya tatu bumu halijaingia. Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani kwa sababu ya ada. Jumatano zamu ya kufundisha somo la Biblia ikawa yangu. Nilitamani kukwepa, ila nikafungua Matendo 16, Paulo na Sila gerezani Filipi.

Wengi tunakumbuka tetemeko. Mimi safari hii nilikwama mstari wa 27. Mlinzi anaamka, anaona milango wazi, anachomoa upanga ajiue akidhani wafungwa wametoroka. Paulo anapaza sauti kumzuia: wote wapo. Jamani, mlango uko wazi na mtu hajaondoka! Tena walikuwa wakiimba kabla ya tetemeko, wana majeraha ya viboko na miguu iko kwenye mkatale. Kwa hiyo uhuru wao haukuletwa na tetemeko. Aliyefungwa hasa ni mlinzi, maana uhai wake ulining'inia kwenye kufuli.

Nikajiona. Wa kwangu ulining'inia kwenye meseji ya benki.

Sisemi tunyamaze. Asubuhi Paulo aligoma kutolewa kimyakimya. Alidai mahakimu waje wenyewe, kwa kuwa walipigwa hadharani bila kuhukumiwa nao ni raia wa Rumi. Na mimi kesho yake nilipeleka barua ya malalamiko. Ila usiku ule, baada ya somo, nililala usingizi mzito. Bumu lilikuwa bado.