Mtu wa Ziwani Akipanda Mlima: Si Kila Maumivu ya Kichwa ni Malaria

Sisi wakazi wa Mbita tumezoea ziwa tangu utotoni. Tunaliona tukiamka, tunavuka daraja juu yake tukienda Rusinga, na samaki wake ndiye kitoweo chetu. Kwa hiyo huwa nacheka kidogo vijana wanapokuja kwangu kuniaga kwamba wanasafiri mbali kwenda kutazama maziwa mengine. Wameona picha katika simu za wenzao: Ziwa Ellis, Ziwa Alice, Ziwa Michaelson lililojificha bondeni chini ya genge refu, na vidimbwi vya Hall Tarns vilivyo juu ya genge hilo hilo. Yote hayo yako Mlima Kenya.

Siwakatazi. Baadhi ya maziwa hayo yalichimbwa na barafu ya zamani iliyokuwa ikiteremka polepole mlimani, na uzuri wake hausahauliki. Lakini huwauliza swali moja: je, mnajua ziwa letu liko kimo gani? Wengi hawajui. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Michaelson liko karibu mita 4,000. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la leo, kwa sababu milima mirefu, wetu ukiwemo, imewahi kuwaua watu walioipuuza.

YALIYONIPATA MIMI

Nitaanza kwa kujisema mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Februari, nilipanda mlima huo kwa njia ya Chogoria pamoja na rafiki zangu wawili. Tulikuwa na siku chache za likizo, tukafanya haraka. Siku ya kwanza tulitoka Mbita tukalala Nairobi. Siku ya pili gari lilitupitisha lango la mbuga, lililo karibu mita 2,950, hadi karibu na Ziwa Ellis, ambako tulilala kwenye kimo cha mita 3,400 na ushee. Siku ya tatu tulitembea hadi Hall Tarns, karibu mita 4,300, tukapiga hema.

Jioni hiyo kichwa kilianza kuniuma. Chakula kikanikataa. Usiku nikatapika mara mbili. Je, unadhani daktari huyu alisema nini? Nilisema, "Hii ni malaria tu." Mtu wa Mbita akiumwa kichwa na kutapika, atafikiria nini kingine? Nilikuwa na dawa mseto ya malaria mfukoni, nikameza, nikawaambia wenzangu kwamba alfajiri tutaendelea kuelekea kilele cha Lenana.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Chogoria aliyekuwa akituongoza. Aliniona nikihangaika kufunga kamba za viatu na kuyumba nilipoinuka. Akaniambia, "Daktari, malaria hii imekungoja ufike huku juu ndipo ikushike? Funga mizigo, tunashuka." Nilibisha. Naye hakubishana nami. Aliwaambia wenzangu wanishike mikono, tukashuka kwa taa za mkononi. Tulipofika Ziwa Ellis jua lilikuwa limechomoza. Kabla ya saa sita mchana kichwa kilikuwa kimepoa na nilikuwa nakunywa uji. Baadaye nilipimwa damu: hakukuwa na malaria hata moja.

KWA NINI MWINUKO HUDHURU?

Watu husema kwamba huko juu oksijeni imeisha. Sivyo. Hewa ya Hall Tarns ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya Mbita, yaani asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa. Hewa huwa nyepesi, na kila pumzi hukuletea oksijeni kidogo. Kwenye kimo cha mita 4,300 pumzi moja inakupa takriban theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufuoni Mbita.

Mwili unaweza kuzoea hali hiyo. Utapumua haraka zaidi, moyo utaongeza mapigo, figo zitarekebisha chumvi za damu. Lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ukipanda kwa haraka kuliko mwili unavyoweza kujirekebisha, maji huanza kuvuja kutoka katika mishipa midogo ya damu, na ubongo au mapafu huvimba.

Ujana na nguvu havikukingi. Mchezaji wa mpira anaweza kuzidiwa huku mama wa miaka 55 aliyepanda polepole akiwa mzima. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio huumia, kwa sababu miguu yao huwapeleka juu kabla damu haijawa tayari.

DALILI ZA KUANGALIA

Dalili za kawaida huja saa chache baada ya kufika juu, mara nyingi usiku wa kwanza: maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kutapika, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu, na usingizi wa kukatikakatika. Ukiwa nazo, usipande hata hatua moja zaidi. Pumzika hapo ulipo, kunywa maji, meza parasetamoli. Zikiisha, unaweza kuendelea. Zikizidi, shuka.

Zipo dalili mbili za hatari ambazo hazingoji mapambazuko. Ya kwanza ni ya ubongo: mgonjwa anachanganyikiwa, anasema ovyo, anatembea kama mlevi. Mpime hivi: mwambie atembee juu ya mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, mteremshe mara moja, hata akikasirika. Ya pili ni ya mapafu: anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo inageuka rangi, na mwishowe anatoa makohozi yenye povu lililochanganyika na damu. Huyu naye ashuke upesi, bila kujichosha, abebwe ikiwezekana. Kushuka mita 300 hadi 1,000 mara nyingi huokoa maisha. Hakuna kidonge kinachoshinda kushuka.

NA KAMA NI MALARIA KWELI?

Hili ni swali la haki, hasa kwetu. Malaria huchukua angalau siku saba hivi tangu kuumwa na mbu hadi kuugua, na mara nyingi zaidi, hivyo mtu anaweza kuondoka Mbita akiwa mzima na kuugua akiwa kambini. Dalili za mwanzo zinafanana: kichwa, kutapika, uchovu. Homa kali na kutetemeka huelekeza zaidi kwenye malaria, lakini usitegemee hilo pekee.

Kanuni ya madaktari ni hii: yeyote anayeugua akiwa juu ya mlima, mhesabu kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitishwe vingine. Mteremshe kwanza, kisha apimwe damu. Ikiwa ni mwinuko, kushuka ndiyo tiba. Ikiwa ni malaria, kushuka kumemfikisha kwenye kipimo na dawa. Hujapoteza kitu. Lakini ukimeza dawa ya malaria na kuendelea kupanda, kama nilivyotaka kufanya mimi, unaweza kupoteza uhai.

Na kama umeugua malaria majuma machache yaliyopita, ahirisha safari. Malaria hupunguza damu, na mwenye upungufu wa damu hana akiba ya kwenda nayo mlimani.

WENYE SELIMUNDU

Watu wa kando ya ziwa letu wengi wana chembe za urithi za selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Ukosefu wa oksijeni na baridi ni mambo mawili yanayoleta maumivu makali ya mifupa na kifua. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, na pengine hajui kamwe kwamba anazo. Wengi wa aina hii hupanda milima bila taabu. Hata hivyo wachache hupatwa na maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, kwa sababu bandama imekosa damu. Ukiyasikia, shuka na uende hospitali. Katika ukoo wenye selimundu, ni busara kupima damu kabla ya kusafiri.

Wengine wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, pumu, na wanaotibiwa kifua kikuu. Anayemeza dawa za kila siku, ziwe za sukari, presha au virusi vya Ukimwi, azibebe zote na asiruke hata siku moja. Insulini itunzwe ndani ya nguo karibu na mwili isigande.

MAJI YA KUNYWA, NA MAJI YA KUOGELEA

Hapa kwetu tunaonya kila siku juu ya kichocho. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi katika baridi ya juu mlimani, kwa hiyo huko ugonjwa huo si tishio. Lakini maji kuwa maangavu si dhamana ya usafi. Watu hupiga kambi kando ya maziwa hayo, na wengine hujisaidia karibu. Kuhara mlimani hukausha mwili na kukudhoofisha upesi. Chemsha maji yote. Kwenye kimo cha mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 87 hivi, wakati Mbita ni kama nyuzi 96. Yaache yatokote dakika tatu kamili. Kwa sababu hiyo hiyo maharagwe hayataiva. Beba omena, mchele na unga wa uji.

Sasa nawageukia vijana wetu wanaojua kuogelea. Najua mtatamani kujitosa Ziwa Michaelson mpige picha. Msifanye hivyo. Ukijitosa katika maji ya baridi kali utavuta pumzi kwa nguvu bila hiari, na kama kichwa kiko chini utameza maji. Moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Baada ya dakika chache mikono na miguu hulegea, na ustadi wote wa kuogelea hausaidii. Ziwa letu la vuguvugu halijakufundisha maji ya namna hiyo.

Baridi ya hewa nayo ni adui. Joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na usiku huko juu maji huganda. Anayetetemeka, kisha akaacha kutetemeka na kuanza kusinzia ovyo, yuko hatarini. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mwingize katika mfuko wa kulalia, na kama ana fahamu mpe kinywaji moto chenye sukari. Usimpe pombe. Mchana jua nalo huchoma kuliko chini. Vaa kofia na miwani ya jua.

JINSI YA KUPANDA SALAMA

1. Panda polepole. Kwa mtu atokaye ziwani, lala usiku mmoja mji wa Chogoria, usiku miwili karibu na lango, na miwili Ziwa Ellis, ndipo uende Michaelson.

2. Ukipita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya mahali unapolala leo na kesho. Mchana unaweza kwenda juu zaidi, mradi ushuke kulala.

3. Miezi ya Januari na Februari, na Julai hadi Septemba, huwa na mvua kidogo zaidi.

4. Usiende peke yako. Chukua mwongozaji anayeujua mlima, andikisha jina langoni, na ueleze mtu nyumbani siku ya kurudi.

5. Ipo dawa ya asetazolamaidi inayosaidia mwili kuzoea. Muulize daktari wako kabla ya safari, na umwambie kama dawa za salfa huwa zinakudhuru. Dawa hiyo si ruhusa ya kukimbia.

6. Epuka pombe na vidonge vya usingizi.

7. Usimfiche mwenzako dalili zako. Na mwenzako akiugua, asiachwe peke yake hemani wala asiteremke peke yake.

Ndugu msomaji, nilirudi Mlima Kenya mwaka uliofuata na mzee yule yule. Safari hiyo nilitumia siku saba. Niliketi kando ya Ziwa Michaelson nikala ugali kwa omena ya Mbita, kichwa kikiwa kimetulia. Ziwa lilikuwapo pale pale. Halikuwa limehama kwa sababu nilichelewa. Kama unapanga kwenda, panga siku za kutosha. Kama huna siku za kutosha, ngoja utakapozipata.