Linoliamu au Lamineti? Kemia ya Sakafu na Maji Yasiyoonekana

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Mwenye kutaka kuijua nyumba hana budi aingie ndani, na akiisha kuingia, mguu wake hukutana kwanza na sakafu. Hata hivyo, wengi wetu huchagua kifuniko cha sakafu kama tuchaguavyo kitenge, yaani kwa kutazama rangi na maua. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba jambo la kuamua haliko juu ya sakafu, bali liko chini yake.

Mwandishi hazungumzi kama mtu asiyepatwa. Nilikuwa nimekwisha kurudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya udaktari katika kemia, nilipotandika lamineti sebuleni mwa nyumba yangu, nyumba ya pwani isiyo ya ghorofa. Fundi aliniuliza kama zege lilikuwa limekauka. Nililipapasa kwa kiganja, nikamjibu kwamba limekauka. Masika ya kwanza hayakwisha kabla vipande havijavimba kwenye maungio na kuinuka katikati ya chumba kama tuta la viazi. Akiba ya miaka miwili iliishia jalalani. Kosa halikuwa la fundi wala la kiwanda. Lilikuwa la kiganja changu.

1. Linoliamu ni nini?

Linoliamu ilibuniwa na Mwingereza Frederick Walton, aliyepata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1863. Jina hilo limetokana na maneno mawili ya Kilatini: linum, yaani kitani, na oleum, yaani mafuta. Mafuta ya mbegu za kitani yana tabia ya kufyonza oksijeni ya hewa na kuwa mazito, kwa kuwa molekuli zake hushikamana na kufanya mtandao mmoja mkubwa. Ndiyo sababu rangi ya mafuta hukauka ukutani. Mafuta hayo yaliyoganda huchanganywa na utomvu wa misonobari, unga wa mbao, unga wa gome la mti utoao vizibo vya chupa, chokaa ya mawe na rangi. Kisha mchanganyiko hukandamizwa juu ya kitambaa cha juti na kuachwa ukomae katika vyumba vya joto. Unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hadi 3 na kidogo.

Hapa yafaa kutoa tahadhari. Mwaka 1878 kampuni ya Walton ilishindwa mahakamani ilipotaka kuwazuia wengine wasitumie jina hilo, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuwa jina la kitu chenyewe. Tangu hapo jina limezidi kutangatanga. Zulia la plastiki liuzwalo kwa mita madukani, ambalo wengi huliita "lino", si linoliamu, bali limetengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Ligeuze utazame mgongo wake. Linoliamu ya kweli ina mgongo wa nyuzi za juti, hunuka mafuta, na aghalabu rangi yake hupenya unene wote. Ya plastiki rangi yake mara nyingi ni picha iliyochapwa chini ya ngozi nyembamba.

2. Lamineti ni nini?

Lamineti ya sakafu ilibuniwa Sweden na kampuni ya Perstorp mwaka 1977. Ina tabaka nne. Chini kabisa pana karatasi ya kuzuia ubao usipinde. Juu yake pana moyo wa ubao, uliofanywa kwa nyuzi za miti zilizoshindiliwa pamoja na gundi. Juu ya moyo huo pana karatasi yenye picha ya mbao au mawe. Na juu kabisa pana ngozi ya plastiki ngumu ya melamini iliyotiwa chembe za oksidi ya alumini.

Chembe hizo zina kazi kubwa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi hupewa 10, mchanga wa kwatzi hupata 7 na oksidi ya alumini hupata 9. Basi mchanga uingiao na viatu huikwaruza ngozi hiyo kwa shida. Udhaifu wa lamineti umo moyoni mwake: nyuzi za miti zikinywa maji huvimba, na zikisha kuvimba hazirudi tena hali yake ya kwanza.

3. Maji yatokayo chini

Zege laonekana kuwa jiwe zima, lakini ndani yake mna vinyweleo vingi visivyohesabika. Kama vile utambi unavyopandisha mafuta ya taa, ndivyo vinyweleo hivyo vinavyopandisha maji kutoka ardhini. Maji hayo yakifika juu huwa mvuke, nasi hatuyaoni. Tukitandika kifuniko, tunaufungia mvuke huo mlango.

Lamineti ikikutana nao huvimba. Linoliamu huharibika kwa njia nyingine. Maji yapitayo katika zege hubeba alkali za saruji. Alkali na mafuta vikikutana hufanya sabuni. Hiyo ndiyo kanuni ile ile itumiwayo na kiwanda cha sabuni. Kwa hiyo linoliamu iliyogandishwa juu ya zege bichi huweza kulainika pole pole kutoka chini, na gundi yake ikaachia. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuiosha kwa magadi au sabuni kali. Zulia la plastiki lenyewe haliozi, lakini hufungia unyevu chini yake, na hapo kuvu na harufu mbaya hustawi.

4. Jaribio la nailoni

Chukua kipande cha nailoni nzito iliyo angavu, chenye upana wa sentimita 45 kila upande. Kibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, pasiwe na mwanya. Kiache kwa muda wa saa 16 au zaidi, kisha kifunue. Ukiona matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko lile la kando, usitandike kitu. Rudia jaribio sehemu mbalimbali za chumba, na kwa nyumba iliyo karibu na bonde au bahari, lirudie wakati wa masika. Ama zege jipya, mafundi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila milimita 25 za unene. Zege la milimita 100 litahitaji miezi minne au zaidi.

5. Uchaguzi

Ikiwa sakafu haikufaulu jaribio, usichague hata kimoja. Saruji iliyosuguliwa vizuri, au vigae, vitakutumikia kwa heshima. Njia bora ni kuweka nailoni nzito chini ya zege wakati wa kujenga, maana wakati huo gharama yake ni ndogo kuliko ya kubomoa.

Ikiwa sakafu ni kavu, lamineti yafaa vyumba vya kulala na sebule, hasa ghorofani. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuuzunguka ukuta ili mbao zipate pa kutanukia, na upige deki kwa tambara lililokamuliwa, si kwa ndoo iliyomwagwa. Kwenye mchwa jihadhari, kwani moyo wake ni mti. Linoliamu yafaa pale wapitapo watu wengi, kwa kuwa mkwaruzo wake waweza kusuguliwa na kung'arishwa. Ikitunzwa huweza kudumu miaka 25 na kupita. Bafuni usiweke yoyote kati ya hizo.

Nailoni ya jaribio hupatikana kwa bei ya soda moja. Mimi niliona haya kuinunua, nikanunua sakafu mara mbili.