Adabu za Meza Kubwa: Boi au Mhudumu?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nakualika mezani, lakini si kwa githeri ya shuleni! Twende tukaone meza za hoteli za zamani za huku kwetu mlimani.

Ukitoka mjini Embu kwa barabara ya Meru utaiona Izaak Walton Inn, hoteli ya tangu enzi za ukoloni. Jina lake ni la mwandishi Mwingereza aliyezaliwa 1593, ambaye mwaka wa 1653 alichapisha kitabu mashuhuri kuhusu kuvua samaki kwa ndoana. Na samaki wenyewe ni trauti, walioletwa na Wazungu katika mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Wazungu hao walishinda mtoni wakivua, na jioni wakaketi kwa chajio.

Babu yangu, ambaye umri wake umepita miaka 90, hakufanya kazi hapo. Alihudumu katika hoteli nyingine ya walowezi, ambayo sitaitaja. Yeye ndiye mwalimu wangu wa somo hili. Alinipangia mezani vijiko vya nyumbani, na mwiko ukawa kisu cha samaki! Alinifunza hivi:

Kwanza, kitambaa cha mezani hutandazwa mapajani. Hakifungwi shingoni kama cha mtoto.

Pili, anza na vifaa vya nje ukielekea ndani, kadiri vyakula vinavyoletwa: supu, samaki, nyama, halafu kitindamlo.

Tatu, uma hushikwa kwa mkono wa kushoto na kisu kwa wa kulia. Kumbuka ngeli ya U-ZI: uma umeanguka, nyuma zimeanguka.

Nne, ukishiba, laza uma na kisu pamoja sahanini. Mhudumu ataelewa bila kuambiwa.

Nikamuuliza, "Babu, hiyo trauti ilikuwa tamu?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, nitajuaje? Niliibeba miaka mingi, sikuionja hata siku moja."

Kumbe! Siku hizo katika hoteli za Wazungu, Mwafrika aliingia chumba cha kulia akiwa na trei tu. Kuketi hakuruhusiwa. Na babu, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliitwa boi. Neno hili limetoka kwa Kiingereza, na maana yake ni mvulana. Baadhi yetu bado tunalitumia hivi hivi tu bila kujua uzito wake. Lakini mhudumu ni neno linalotokana na kitenzi kuhudumu. Linataja kazi ya mtu, halimpunguzii umri wala heshima.

Desemba iliyopita dada yangu alifuzu chuoni, tukampeleka babu kula katika hoteli moja ya zamani. Kijana mmoja akamvutia kiti, akasema, "Karibu mzee, agiza unachopenda." Babu akanyamaza kidogo, kisha akaagiza samaki. Tulipomaliza, akaanza kukusanya sahani zetu! Kijana akamzuia kwa upole: "Pumzika mzee, leo ni zamu yangu."

Basi msomaji, siku ukiketi kwenye meza kubwa, usiogope nyuma nyingi. Mwangalie anayekuletea chakula, umwambie asante. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza.