Arusi Isingoje Karamu



Katika sharika nyingi wako vijana wakaao nyumba moja, mume na mke, pasipo kufunga ndoa. Ukiwauliza sababu, wengi hawasemi ya kwamba wazazi wamekataa. Hujibu, "Hatujapata fedha ya arusi." Nao wakisema arusi, maana yao ni karamu: ukumbi, mapambo, vinywaji, mpiga picha na motokaa. Mtoto wa kwanza huzaliwa, na wa pili huzaliwa, na karamu ingali yangojewa. Jambo hili latuhuzunisha, nasi twataka kulitazama pamoja nanyi.

Kwanza tutenge mambo mawili. Ndoa ni jambo moja, na karamu ni jambo jingine. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yawataka wanaooana watoe habari siku 21 kabla ya kufunga ndoa, tena wawepo mashahidi wawili. Haikutaja pilau wala ngoma. Wala mchungaji, akiwabariki, hawaulizi wamekodi ukumbi gani.

Sasa tumtazame Martin Luther mwenyewe. Mwaka 1525 ulikuwa mgumu huko Ujerumani, maana vita vya wakulima vilikuwa vimeua watu wengi. Luther hakuwa tajiri, na Katharina von Bora alikuwa ametoroka nyumba ya watawa mwaka 1523, pasipo kitu mkononi. Jioni ya tarehe 13 Juni, katika nyumba ya watawa alimokaa Luther mjini Wittenberg, mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, aliwafungisha ndoa mbele ya marafiki wachache tu. Miongoni mwao walikuwamo mchoraji Lucas Cranach na mkewe. Ndoa ikawa imekwisha kufungwa. Karamu ilifuata tarehe 27 Juni, yaani baada ya siku 14. Siku hiyo walikwenda kanisani kwa maandamano, kisha wakarudi kula nyumbani mwao.

Na chakula chatoka wapi? Luther aliwaandikia marafiki zake barua. Hans von Dolzig, aliyekuwa mkuu katika nyumba ya mtawala wa Saksonia, aliombwa nyama ya porini. Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau, aliombwa pipa la bia ya mji wake. Huyu Koppe ndiye aliyewasaidia Katharina na wenzake kutoroka. Tena walikuja wazazi wa Luther, Hans na Margarete. Baba yule alikuwa amekasirika sana mwaka 1505, mwanawe alipoingia utawani; sasa alikuja kushangilia ndoa yake. Hata leo mji wa Wittenberg hufanya sikukuu ya arusi ile kila mwezi wa Juni. Mapambo yake hatuyajui. Watu waliokuja twawajua.

Kwa habari hizo twapata mashauri manne.

La kwanza: kateni hesabu ya wageni kabla ya kuchagua kitu cho chote. Gharama ya karamu hufuata idadi ya vinywa. Mkiwapa wageni 80 robo kilo ya nyama na chupa mbili za soda kila mmoja, mtanunua kilo 20 za nyama na kreti 7. Mkiwaita 300, nyama itakuwa kilo 75 na kreti 25. Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo.

La pili: ombeni msaada, msitoze kodi. Mwenye ndizi alete ndizi, mwenye mbuzi alete mbuzi, na shangazi ajuaye kupika apike. Siku hizi kamati nyingi hugawa kadi na kuandika kiasi, na asiyelipa haitwi. Kwa njia hiyo mjane aliyemlea bwana arusi huachwa nje, na mtu aliyemwona mara moja hukaa mbele. Je, hiyo ni karamu, au ni biashara?

La tatu: tumieni vilivyopo. Usharika una uwanja, mabenchi na kwaya. Mwingine una na tarumbeta. Kina mama wana masufuria makubwa. Ombeni mapema, kisha rudisheni vyombo vikiwa safi, ili na wengine wapewe.

La nne: msikope kwa ajili ya siku moja. Wageni hula wakaenda zao, lakini deni hubaki mezani pamoja na maarusi, likila nao asubuhi na jioni. Ugomvi wa kwanza katika nyumba nyingi ni ugomvi wa deni.

Labda mtasema, "Watu watatucheka." Ndiyo, wako watakaocheka, lakini kicheko chao hakidumu. Karamu hukumbukwa kwa mambo yasiyouzwa: babu akipewa nafasi ya kusimulia ukoo ulikotoka, mama wa pande mbili wakila sahani moja, na jamaa waliokosana wakipeana mikono. Mambo hayo yatengenezeni kwa bidii kuliko mapambo.

Nanyi walimu na wazee, msingoje vijana waje kwenu. Waendeeni wale waliokwama, mwaambie ya kwamba mlango u wazi. Wafunge ndoa Jumapili iliyo karibu baada ya matangazo, na wageni wanywe chai barazani. Karamu yaweza kufuata baada ya siku 14, au baada ya mavuno.

Maswali ya kuzungumza:
1. Katika mtaa wetu ni nani wanaongoja fedha ya karamu, nasi tumewaambia nini?
2. Usharika wetu una vyombo gani vya kuwaazima maarusi?
3. Katika arusi tulizohudhuria, twakumbuka nini hata leo, na jambo hilo liligharimu kiasi gani?